Jibu la Swali la Tisa

Barua ilipofika, Ngano alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

Ndiyo sababu watu waliacha zamani kumwita kwa jina lake la ubatizo. Aliingia kufanya kazi katika chumba cha kuokea hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, nyuma ya kanisa, akiwa na miaka kumi na sita, na kila alipotoka alikuwa mweupe kama mtu aliyebingirishwa ndani ya gunia. Wakamwita Ngano, naye akaitika. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba. Miaka kumi na moja ya unga na maji, basi. Hakuna chumvi, hakuna hamira. Unamimina uji mwepesi juu ya bamba la chuma lenye moto, unafunika kwa bamba la pili, unasali Salamu Maria tatu bila kukimbia, unafunua. Inatoka karatasi nyembamba yenye misalaba. Unailaza kwenye kitambaa chenye unyevu ilainike, maana ukiikata ikiwa kavu inakuvunjikia mkononi. Halafu unakata duara moja moja. Parokia nzima ilikuwa ikipokea kitu kilichopita katika vidole vyake.

Paroko aliileta ile barua mwenyewe. Hapo hapo moyo wa Ngano ukashtuka. Habari njema paroko alizituma kwa katekista, tena kwa kelele kutoka dirishani. Habari mbaya alizibeba kwa miguu yake.

"Karibu, Baba Padri. Usiegemee hapo, utatoka mweupe kuliko kanzu yako."

Paroko hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaweka bahasha mezani na kuifunika kwa kiganja, kana kwamba ingeruka.

"Fundi yuko wapi?"

"Yuko njiani. Bamba hili limeanza tena, upande mmoja linaunguza, upande mwingine linabembeleza."

"Basi tumsubiri."

"Sema tu, Baba. Uso wako umeshasema nusu."

Paroko alivua miwani, akaifuta, akaivaa ikiwa chafu vile vile. "Wamesema ndoa yake ni halali, mwanangu."

Ngano alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Akageuka, akafunua bamba, akabandua karatasi iliyokuwa nyeusi upande mmoja, akaitupa kwenye debe la makombo. Alifanya yote hayo taratibu, kwa mpangilio, kama mtu ambaye hajaambiwa kitu.

Mwaka mmoja na miezi minne walikuwa wameisubiri barua hiyo. Fundi, ambaye watu wote walimwita Fundi kwa kuwa hakuna nyaya mtaani ambazo hakuwahi kuzigusa, alifunga ndoa katika kanisa hilo hilo akiwa na miaka ishirini na sita. Mwaka wa tatu mkewe akaondoka na mwanamume mwingine kwenda mji wa mbali, akazaa naye watoto watatu, na hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Fundi alibaki peke yake, na kila Jumapili alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma upande wa wanaume. Miaka minne iliyopita aliitwa kutengeneza bamba la hostia. Alikuta binti mweupe kwa unga anayemtazama akifanya kazi bila kumsemesha, na alipomaliza binti akasema, "Umesahau bisibisi yako chini ya meza. Ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa kwenye ndoo." Siku ile Fundi alicheka, na waliomjua wakatoka nje kuangalia ni nani.

Tangu siku hiyo bamba lile liliharibika mara nyingi mno kwa chuma kigumu namna ile.

Lakini hawakuvuka mpaka. Walikwenda kwa paroko, wakaandika ombi kwa mahakama ya Kanisa, wakaomba ichunguzwe kama ndoa ile ya kwanza ilikuwa ndoa kweli. Ikionekana haikuwa, Fundi atakuwa huru, nao watafunga yao. Mpaka hapo, kila mtu kwake.

"Baba," Ngano alisema, bado akiwa amempa mgongo, "yule mwanamke ana watoto watatu na mtu mwingine. Hao mahakimu waliangalia nini?"

"Mahakama haikuuliza nani aliibomoa nyumba. Iliuliza kama siku ile ya kwanza ilijengwa."

"Na?"

Paroko alifungua bahasha. Nyuma ya barua kulikuwa na nakala ya fomu ya maswali, ile ambayo Fundi alijaza. Akaigeuza, akaweka kidole kwenye swali la tisa. Ngano alisogea, na kabla ya kusoma neno lolote akaujua mwandiko. Ulikuwa wake.

*Siku ya kufunga ndoa, je, ulimpenda mchumba wako, na ulikusudia kwa hiari yako kuishi naye mpaka kufa?*

Wakati ule Fundi alikuwa amefungwa bendeji mkono wa kulia, waya ulikuwa umemchoma. Walikaa mezani kwa mama yake Ngano, mama mwenyewe akiwa pale pale anapiga pasi vitambaa vya altare na kusikiliza kila neno. Fundi alitaja, Ngano akaandika. Walipofika swali la tisa Fundi alimwonea aibu. Ni Ngano aliyesema: "Sema yote. Waone ulikuwa mume wa namna gani. Wakijua kosa si lako watakufungulia."

Ndivyo walivyodhani. Walidhani ni kesi kama kesi nyingine, asiye na hatia ndiye anayeshinda. Basi Fundi akasema, na Ngano, ambaye shule yake ilikuwa ya msingi tu lakini mwandiko wake mwalimu alikuwa akiuonyesha darasa zima, akaandika kwa herufi nzuri zilizosimama wima: *Nilimpenda kwa moyo wangu wote. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipoapa nilijua ninaapa nini.* Kisha, kwa kuwa sentensi ilionekana fupi, akaongeza kwa hiari yake: *Hata alipoondoka, kwa mwaka mzima nilimwachia taa ya mlangoni ikiwaka.*

"Na hii ya taa?" Fundi aliuliza siku ile. "Nilikwambia wewe, sikukwambia uandike."

"Itawagusa," Ngano alijibu.

Iliwagusa. Paroko alimsomea: hakimu wa Kanisa aliitaja taa ile kwenye hukumu, kama ushahidi kwamba mtu huyu aliapa kweli.

"Kwa hiyo tungesema hakumpenda..."

"Usiniulize hilo, Ngano."

"Nakuuliza jingine, basi. Wewe mwenyewe, Baba. Unaamini Mungu anataka Fundi akae vile mpaka afe? Anakunja shuka peke yake, anapika chakula cha mtu mmoja, anazungumza na redio?"

Paroko aliikunja fomu, akaikunjua tena. Alikuwa mzee mwema, na wema wake ulikuwa umemchosha.

"Naliamini Kanisa," alisema. "Na ninyi wawili nawaombea kila siku mpate raha. Hayo mawili sijawahi kujua namna ya kuyapakua kwenye sahani moja."

"Kuna rufaa?"

"Ipo. Inataka jambo jipya. Kitu ambacho hakikusemwa mwanzo." Alisimama. Mgongoni alikuwa na alama nyeupe ya ukuta. Ngano akamkung'uta kwa kitambaa, kama siku zote, naye akasimama akakung'utwa, kama siku zote.

*

Fundi alikuta barua mezani. Aliisoma akiwa amesimama, kisanduku cha vifaa bado begani. Alipomaliza alikiweka chini polepole sana, akaliendea bamba, akachomoa waya, akaanza kulegeza skrubu.

"Fundi."

"Ni kipasha moto tu, kimelegea upande huu."

"Acha kwanza."

"Nikiacha sitajua mikono niiweke wapi."

Ngano alimwacha. Alimtazama kisogo, pale nywele zilipoanza kupata mvi mbili tatu ambazo aliziona zikizaliwa. Akatamani kuweka kidole pale. Miaka minne hakuwahi kuweka kidole pale.

"Ni mimi niliyeandika," alisema.

"Ni mimi niliyesema."

"Ile ya taa niliiongeza mimi."

"Na taa niliiwasha mimi. Tutagawana mpaka lini?" Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Sikiliza. Dada yangu yuko tayari. Atakwenda aape kwamba marehemu baba alinishikia fimbo. Kwamba nilioa kwa hofu. Barua inasema rufaa inataka jambo jipya, si ndiyo? Hilo jipya."

"Baba yako alikuwa haui hata mende."

"Marehemu hatashtaki."

Ngano alicheka bila kutaka. "Kwa hiyo tunalidanganya Kanisa ili Kanisa litubariki."

"Unao mpango mwingine? Nipe. Mimi nimebaki na huo, na ule wa ofisi ya serikali. Talaka yao ninayo tangu zamani. Kesho saa nne, nilishaweka miadi tangu mwezi uliopita, barua ikija vibaya. Kalamu, saini, tumekuwa mume na mke."

"Na komunyo? Hatutapewa tena."

"Tutakaa benchini." Alisema hivyo kwa ujasiri wa mtu anayeruka shimo akiwa amefumba macho. "Wewe na mimi. Wengine wakienda, sisi tunakaa."

Ngano aliangalia kitambaa chenye unyevu ambacho chini yake karatasi za asubuhi zilikuwa zikilainika. Amezioka yeye, atazikata yeye, zitabebwa altareni, zitageuka kuwa kile alichoamini kwa mifupa yake yote kwamba zinageuka, na zitapita mbele yake ziende kwa majirani. Angekuwa haamini ingekuwa rahisi. Wako watu walioondoka Kanisani wakicheka, wakisema ni maneno ya mapadri tu. Ngano hakuweza kusema hivyo. Aliamini mkate. Aliamini pia kwamba Mungu hakuwa na kinyongo na mtu huyu aliyesimama mbele yake na bisibisi. Imani zote mbili zilikuwa zake, na hakuna iliyotaka kuiachia nyingine nyumba.

Akatoa karatasi kwenye droo. Akakaa, akashika kalamu.

"Tuandike rufaa, basi," alisema. "Swali la tisa. Siku ya kufunga ndoa, ulimpenda?"

Fundi alilamba midomo. "Andika hapana."

"Sema kwanza, nitaandika."

"Ngano, andika tu."

"Nasoma, unajibu, naandika. Ndivyo tulivyofanya mara ya kwanza. Ulimpenda?"

Alifungua kinywa. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja wa kanisa, fagio likakwaruza mara moja, mara mbili, mara tano. Fundi alikuwa na kinywa wazi, na neno dogo kama lile, neno ambalo mtoto wa mwaka mmoja analisema kwa kutikisa kichwa tu, halikutoka.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilimshonea pazia kwa mkono wangu. Mimi. Pazia."

Ngano aliiweka kalamu chini. Wivu ulimchoma kidogo, hapo hapo akamwonea huruma, na juu ya yote mawili akampenda kuliko siku nyingine yoyote. Huyu ndiye mtu aliyemtaka, asiyeweza kukana hata ahadi iliyomtupa. Angeweza kuikana, asingekuwa huyu. Na kwa kuwa ni huyu, hawezi kumpata.

"Pazia lenyewe lilipinda?" aliuliza.

"Lilipinda vibaya."

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko Fundi akaanza kulia.

Mlango ulisukumwa na bega. Mama aliingia na beseni la vitambaa vya altare vilivyopigwa pasi, akamkuta mwanamume mzima analia juu ya bamba la hostia na binti yake amekaa mbele ya karatasi tupu. Hakuhitaji kusoma barua.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema, akijifuta kwa mkono wa shati.

"Marahaba, baba. Kaa. Usiaibike, mimi nimelia humu kabla hujajua kushika nyundo."

Akaweka beseni, akaanza kuhesabu vitambaa ambavyo alikuwa ameshavihesabu. Ngano alimjua mama yake. Akihesabu hivyo, kuna neno linatafuta njia.

"Mama, kesho kuna miadi ofisi ya serikali."

"Nimesikia. Mtaa huu una masikio kuliko watu." Akakunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa. "Siwezi kukufunga kamba. Una miaka ishirini na saba."

"Lakini?"

"Baba yako aliondoka ukiwa unatambaa," mama alisema. "Aliondoka na mwanamke wa duka la vitambaa, unajua, kila mtu anajua. Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Kulikuwa na mwalimu mmoja, mjane. Alikuja akanitengenezea paa. Akaja tena, akakubeba ulipougua, akatembea na wewe mgongoni mpaka zahanati. Akaniuliza. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu."

Ngano hakuwahi kuisikia habari ya mwalimu.

"Alisubiri miaka mitatu, halafu akaoa. Nilikwenda harusini, nikaimba kwaya." Mama aliinua uso, na kwa mara ya kwanza Ngano aliona si ukali uliokuwa ndani yake wakati wote huu. Ilikuwa hofu. "Sasa niambie wewe uliyesoma maswali yote yale. Kama inawezekana. Kama mtu anaweza tu kwenda saa nne, akatia saini, na Mungu akanyamaza. Mimi nilikuwa nalinda nini?"

Fundi alikuwa ametazama chini, kama mtu aliyegundua kwamba amesimama juu ya kaburi la watu.

"Mama, mimi sisemi kwamba wewe..."

"Najua husemi. Lakini ukienda, itakuwa imesemwa." Akachukua beseni tupu. Mlangoni akageuka. "Fundi, umekula?"

"Bado, mama."

"Pitia nyumbani, kuna chakula." Akatoka, na hapo ndipo Ngano alipoona kwamba mama alimpenda huyu mwanamume kama mwanawe, na kwamba upendo huo usingemsaidia mtu yeyote.

Fundi alifunga skrubu ya mwisho. Akachomeka waya, akaweka kiganja juu ya bamba kupima joto linavyopanda.

"Sitakuja kukuchukua," alisema. "Nikija nitakuwa nimekuvuta. Nitakuwa pale kuanzia saa nne, mpaka wafunge saa sita. Ukija, umekuja. Usipokuja sitauliza."

"Na bamba likiharibika?"

Alimtazama, akajaribu kutabasamu. "Hili sasa limepona, Ngano. Miaka yote hii nilikuwa nalilegeza mwenyewe."

*

Alikwenda. Hakuna aliyejua isipokuwa wao wawili, lakini alikwenda.

Alivaa gauni lake la kijivu, akanawa uso mara tatu na bado unga ukabaki kwenye mstari wa nywele. Akafika saa nne na nusu, akasimama upande wa pili wa barabara, chini ya kibanda cha mtengeneza viatu. Ng'ambo alimwona Fundi kwenye benchi la nje ya ofisi. Shati jeupe, limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Kisanduku cha vifaa miguuni, maana hata siku ya harusi yake asingekiacha nyumbani.

Ilikuwa barabara ndogo. Hatua kumi na tano, labda kumi na sita.

"Dada, unavuka au unangoja mtu?" mtengeneza viatu alimuuliza.

"Sijui," Ngano alimjibu, na ilikuwa kweli tupu.

Akiweka mguu mbele, alimwona mama akiimba kwaya kwenye harusi ya mwalimu. Akiurudisha nyuma, aliona sufuria ya chakula cha mtu mmoja. Miguu ikakataa huku, ikakataa kule. Saa tano ikapita. Mtengeneza viatu akamsogezea kigoda bila kuuliza tena. Saa sita karani akatoka na funguo. Fundi akasimama, akajikung'uta suruali, na alipoinua macho akamwona.

Hakumwita. Alimtazama tu kutoka ng'ambo, na Ngano akaelewa kwamba hata sasa, hata kwa kumpungia mkono, hatamvuta. Karani akafunga mlango. Fundi akabeba kisanduku chake, akaenda.

Kesho yake, Jumapili, kanisa lilijaa. Ngano alikaa na mama benchi la nne, upande wa wanawake. Wakati wa komunyo ulipofika, kwaya ikaanza, watu wakasimama benchi baada ya benchi, mama akasimama, akasogea njiani, akageuka kumpisha binti yake atangulie kama siku zote.

Ngano hakusimama.

Hakuwa ametia saini popote. Hakuna mtu ambaye angemzuia. Lakini jana, katika saa moja na nusu ile, moyo wake ulivuka barabara mara mia, na alijua kwamba asingeweza kunyoosha ulimi na kusema amina kana kwamba bado uko upande huu. Hakumpata Fundi, na sasa mkate nao umempita. Zilikuwa hostia zake. Alizitambua hata kwa mbali, zile za bamba lililopona, nyeupe sawasawa pande zote.

Mama alisimama njiani, mdomo wazi kidogo. Foleni ikamsukuma, akaenda.

Kanisa lote likawa limesogea mbele, mabenchi yakabaki matupu, mekundu kwa rangi mpya. Ngano akageuza kichwa. Nyuma kabisa, upande wa wanaume, mtu mmoja alikuwa amekaa. Kisanduku miguuni. Fundi naye hakusimama, yeye ambaye miaka yote ile ya upweke hakukosa Jumapili hata moja kupokea.

Wakatazamana juu ya mabenchi yale matupu, wao wawili tu waliobaki. Kwaya iliimba ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, ubeti wa tatu, na katika muda huo mfupi ilikuwa kama kanisa zima ni lao.

Kisha watu wakaanza kurudi, migongo na mabega yakajaa katikati, akampoteza.

Mama alirudi, kichwa kimeinama, komunyo bado kinywani, kwa hiyo hakuweza kusema neno. Alipiga magoti karibu naye, karibu sana. Akautafuta mkono wa binti yake bila kutazama, akaukuta, akaushika kwa nguvu na hakuuachia. Ngano hakujua kama mkono ule unamfariji au unamzuia asiende, na alipoufinya nao ukamfinya, akahisi kwamba mama mwenyewe hajui.